Niliiziba Mdomo Programu Yangu

Mwaka 2007 niliandika mstari mmoja wa msimbo ulioziacha akiba za watu 38 nje ya vitabu vya chama chao. Haikuwa hila, wala virusi. Majina yao yalikuwa na ritifaa, na mimi sikupenda kusumbuliwa. Basi.

Chama kilikuwa cha akiba na mikopo, katika mji mdogo wa Kanda ya Ziwa. Wanachama walikuwa zaidi kidogo ya 400: wakulima wa pamba, wauza dagaa, walimu, mafundi cherehani. Hesabu zao zilikaa kwenye madaftari makubwa yaliyochakaa pembe. Nami nilikuwa na miaka 26, cheti cha kompyuta, na ujasiri wa mtu ambaye programu zake hazijawahi kutumiwa na mtu mwingine. Nikawaandikia programu kwa Visual Basic 6, data zikikaa kwenye Access. Visual Basic 6 ilitoka mwaka 1998, kwa hiyo ilikuwa imeshazeeka, lakini ndiyo niliyoijua, na ofisi yenyewe ilikuwa na kompyuta moja isiyo na intaneti. Keshia aliandika namba ya mwanachama, jina likajitokeza lenyewe, akaingiza kiasi, akabofya Hifadhi, na printa ikatoa risiti. Tuliianza Agosti.

Wiki ya kwanza haijaisha, simu ikalia.

"Kaka, mashine imeleta kisanduku cha Kizungu, halafu programu imejifunga."

Nikamwambia aiwashe upya. Kesho yake akapiga tena. Mara ya tatu nilipanda Hiace nikaenda kujionea. Kisanduku kilikuwa na namba ndefu, -2147217900, na chini yake maneno yanayosema kwamba muundo wa sentensi ya SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, una kasoro. Kikaendelea kunionyesha kipande chenyewe kilichokishinda, na ndani ya kipande hicho mlikuwa na jina la mwanachama. Ujumbe ulikuwa umeweka kidole juu ya kidonda. Mimi nilinakili namba tu, nikaondoka.

Jioni nilikaa intaneti kafe nikaitafuta ile namba. Majibu yalikuwa mengi, na karibu yote yalinitaka nichunguze sentensi zangu za SQL. Hiyo ilikuwa kazi. Jibu moja lilikuwa fupi: weka On Error Resume Next. Maana yake ni kwamba programu ikikutana na kosa, isisimame, iendelee na mstari unaofuata. Nikaupachika mstari huo juu kabisa ya utaratibu wa kuhifadhi akiba. Kisanduku hakikuonekana tena. Mwenyekiti akanipongeza, nikalipwa pesa zangu zilizobaki, nikanunua simu mpya.

Nilijiona fundi.

Kilichokuwa kinatendeka ndani ni hiki. Katika SQL, maneno hufungwa kwa ritifaa mwanzoni na ritifaa mwishoni. Mimi nilikuwa nashona sentensi kwa kuunganisha vipande: kipande changu, halafu jina la mtu, halafu kipande changu kingine. Jina likiwa Masanja, sentensi inasimama vizuri. Likianza na Ng'w, hifadhidata inasoma Ng, inakutana na ritifaa, inadhani jina limeishia hapo, kisha inakuta herufi zilizobaki zinaning'inia bila mwenyewe. Inakataa. Waairishi wenye majina ya O' wameionja adha hii miaka mingi kabla yetu. Lakini mimi nilikuwa Usukumani, ambako majina ya Ng'w ni kama mawe ya Mwanza, kila unapogeuka yapo. Tena darasa la kwanza niliwahi kuchapwa kwa kuandika "ngombe". Ritifaa nilifundishwa kwa fimbo, na bado niliisahau.

Kosa hilo la kushona sentensi lilikuwa la kawaida, la mtu anayejifunza. La pili ndilo la aibu. Hifadhidata ilipokataa, mstari wangu ulikuwa umeshaiambia programu isijali. Ikaruka kwenye mstari unaofuata, ambao ulikuwa wa kuonyesha neno "Imehifadhiwa". Ule uliofuata ulikuwa wa kuchapa risiti. Mwanachama akaondoka na risiti safi ya akiba ambayo haikuandikwa popote.

Septemba keshia alinipigia tena.

"Kaka, kila jioni pesa za kwenye droo zinaizidi ripoti."

"Zinazidi au zinapungua?"

"Zinazidi."

Nilicheka. Nikamwambia, "Dada, kompyuta haikosei kujumlisha. Hesabu noti zako taratibu." Oktoba akarudia maneno yaleyale, nami nikarudia jibu lilelile. Bodi iliponiuliza, nilisema hivyohivyo, safari hii kwa barua yenye nembo yangu. Dada huyo akapewa onyo la maandishi kwa uzembe wa kuhesabu fedha. Onyo hilo lilisimama juu ya neno langu peke yake.

Januari 2008, wakati wa ada, mzee mmoja alikuja kuomba mkopo wa kumpeleka mjukuu kidato cha kwanza. Mkopo ulipimwa kwa akiba, na kompyuta ilisema mzee hajaweka hata senti tangu Agosti. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa mfuko wa rambo. Ndani yake mlikuwa na risiti zetu, zimepangwa kwa tarehe na kufungwa kwa mpira.

Niliitwa siku hiyohiyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Eti wewe ndiye mwenye mashine?"

Nilikaa mbele ya kompyuta nikiwa na hakika kwamba tatizo ni la keshia. Nikaingiza namba ya mzee na shilingi 1,000 za majaribio. Imehifadhiwa. Printa ikakoroma, risiti ikatoka. Nikafungua jedwali la akiba, nikashuka hadi mwisho. Haikuwepo. Nikafunga kila kitu, nikafungua upya. Haikuwepo. Nikachukua namba ya mwanachama mwingine, nikaingiza 1,000. Ikawepo, imetulia mahali pake. Nikarudi kwenye namba ya mzee. Haikuwepo.

Risiti zilikuwa zimelala mezani, zinafanana kwa kila kitu isipokuwa namba na jina. Nikayatazama majina. Moja lilikuwa na kialama kidogo juu, kama mguu wa sisimizi. Hapo mikono ilianza kutoka jasho, kwa sababu niliukumbuka ule mstari, na mahali nilipouweka, na jioni niliyouweka.

Nilikuwa na msimbo kwenye flashi. Nikaufungua, nikaufuta mstari, nikaiendesha programu na kuingiza tena namba ya mzee. Kisanduku kikaruka usoni. Namba ileile. Maneno yaleyale. Na jina la mzee katikati, ritifaa yake ikiwa wazi kabisa. Miezi mitano kilikuwa na jambo moja tu la kuniambia.

Mzee alikuwa bado kwenye benchi, kofia iko magotini.

"Umeiona?" akauliza.

"Nimeiona, mzee. Kosa ni langu."

Keshia alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema neno.

Ili niwapate wengine, ilibidi niitafute kwenye orodha ya wanachama kila ritifaa iliyokuwamo. Na hapo nikajifunza kwamba, katika SQL, ukitaka ritifaa moja ieleweke ndani ya maneno, unaandika mbili mfululizo. Dawa ya miezi mitano ya hasara ilikuwa kubofya kitufe kilekile mara mbili. Orodha ikatoa majina 38. Majina hayo yaliingia salama mwanzoni kwa sababu tuliyahamisha kwa mkupuo kutoka Excel, bila kupitia kwenye sentensi zangu.

Kilichotuokoa hakikutoka kwenye kompyuta. Keshia alikuwa na kaunta buku. Kila jioni, pamoja na kuambiwa hajui kuhesabu, alikuwa ameandika tarehe, kiasi kilichozidi, na saini yake, kisha pesa akampa mweka hazina, naye akazipeleka benki kama ziada. Tulipozikusanya risiti za wanachama na kuziweka kando ya daftari lile, siku kwa siku zililingana. Jumla ilikuwa shilingi 2,280,000. Hakuna hata shilingi iliyopotea.

Gharama zilikuwa nyingine. Mjukuu wa mzee alifika shuleni akiwa amechelewa wiki mbili. Keshia alikaa na onyo kwenye faili lake karibu miezi mitatu, kabla bodi haijalifuta. Wanachama wawili walitoa akiba zao zote na hawakurudi. Chama cha jirani kilichokuwa kimeniulizia programu kikanyamaza. Nilirudisha malipo ya mwisho, na kwa wiki tatu nilikaa pale ofisini nikiingiza risiti moja moja kwa mkono, mzee wa zamu akinisomea.

Programu niliirekebisha kwa njia iliyonipasa tangu mwanzo. Unaiandika sentensi ya SQL ikiwa kamili, mahali pa jina unaweka alama ya kuuliza, halafu jina unalipeleka kivyake. Hifadhidata inapokea amri mlango mmoja na data mlango mwingine, kwa hiyo jina haliwezi kugeuka kuwa sehemu ya amri, liwe na ritifaa ngapi. Baadaye nikaelewa kwamba tundu lile lingeweza kupitisha wezi pia: mtu mjuzi angeandika kwenye kisanduku cha jina maneno ya SQL, na programu yangu ingeyatii. Jarida la wadukuzi, Phrack, lilikuwa limeueleza mchezo huo hadharani Desemba 1998, miaka karibu tisa kabla yangu. Mimi nilikuwa na bahati. Waliokuja walikuwa wakulima waaminifu wenye majina ya babu zao.

Ningependa kusema kwamba nilipona hapo. Sikupona.

Mwaka 2011 nilikuwa nimehamia kwenye programu za wavuti, kwa PHP. Katika PHP, ukiweka alama ya @ mbele ya amri, makosa yake hayaonyeshwi. Siku moja, kazi inatakiwa kesho asubuhi na ukurasa umejaa maonyo, nilijikuta nimezipanda @ kama miche ya mihogo. Nilihama lugha, tabia nikaibeba. Na ile hofu ya ritifaa ikanifanya nizikinge mara mbili: PHP za wakati ule ziliweza kuongeza zenyewe kimstari cha kuinamia nyuma mbele ya kila ritifaa, nami nikaongeza changu juu yake. Mteja akafungua ripoti ya mifugo akakuta Ng\'ombe. Akalirekebisha neno, akahifadhi, likarudi na vimstari vingi zaidi. Mpango huo wa PHP kujiongezea vimstari uliondolewa kabisa katika toleo la 5.4, mwaka 2012, na sikuulilia. Lakini zile @ niliziondoa mwenyewe, moja moja, na kila niliyoiondoa ilikuwa na onyo la kweli chini yake.

Nakuambia haya kwa sababu mstari huu hauzeeki, hubadilisha nguo tu. Anayeandika JavaScript leo akiacha mabano matupu baada ya catch, ameandika mstari wangu. Na huandikwa saa zilezile: usiku, umechoka, mteja anapiga simu, na kisanduku kinakuaibisha mbele ya watu. Kuna mahali ambapo kulipuuza kosa ni sawa, kama pale unapofuta faili la muda ambalo huenda halipo. Lakini hapo unajua ni kosa gani unalipuuza na kwa nini. Mimi niliyapuuza yote, hata nisiyoyajua, na juu ya hayo nikaacha neno "Imehifadhiwa" litoke bila kuuliza kama kweli kuna kilichohifadhiwa. Siku hizi neno hilo siliruhusu kutoka mpaka hifadhidata yenyewe ithibitishe kwamba imepokea. Na mtumiaji akinisomea kisanduku kwenye simu, namwomba asome mpaka nukta ya mwisho.

Siku ya mwisho ya zile wiki tatu nilimwomba keshia msamaha mbele ya bodi, kwa sababu onyo lake nalo lilitolewa mbele ya bodi. Baadaye, tukifunga ofisi, nikamuuliza jambo lililokuwa likinisumbua. Kwa nini aliendelea kuiandika ile ziada kila jioni, wakati sote tulimwambia amekosea?

Alikuwa anatafuta funguo kwenye mkoba. Hata hakuinua uso.

"Si ilikuwepo, kaka? Sasa ningeandika nini?"