Kivuli cha Kijiti, Uani Temeke

Ndugu msomaji, iwapo u mkazi wa Kinondoni, Mwananyamala, Tandika au Mbagala, hapana haja ya kukueleza mwezi wa Juni ulivyo. Masika yamekwisha, kipupwe kimeingia, machungwa yamejaa sokoni, na shule zimefungwa. Asubuhi watoto wamekwisha kunywa uji, na kabla ya saa tatu wanauliza: leo tutacheza nini?

Zamani swali hilo halikuulizwa. Sensa ya mwaka 1967 iliukuta mji wa Dar es Salaam una watu takriban 273,000. Ile ya mwaka 2022 imeukuta mkoa una watu 5,383,728. Watu hao wote wanataka pa kulala, na viwanja tulivyochezea rede na kombolela ndivyo vilivyowalaza. Leo mtoto wa Temeke akitoka nje ya ua amekwisha fika barabarani. Juni ya mwaka 2024 mjukuu wangu wa kiume, mwenye miaka minne, aliufuata mpira wa makaratasi hadi njiani, na bodaboda ikafunga breki hatua mbili kutoka kwake. Mwendeshaji alitetemeka kuliko mtoto. Tangu siku ile nikapiga marufuku barabara, nami nikajikuta na deni: ukimfungia mtoto mlango, huna budi umwonyeshe kilichomo ndani.

Kilichomo ndani ni uani. Nakualika, msomaji, uingie nami. Nyumba yetu ni ile unayoijua: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, kisha mlango wa nyuma. Ukiupita wakuta jiko, choo, kamba ya nguo, na wakati ule lundo la mchanga, kwani nilikuwa nimekwisha kupatana na fundi ajenge vyumba viwili vya kupangisha. Kodi yake tulikuwa tumeihesabu zamani: bati za ukumbi zinavuja, na dawa za bibi yao hazinunuliwi kwa maneno.

Dada yake yule mvulana, mwenye miaka sita, alikuwa amekuja kutoka Kinondoni kukaa nasi likizo. Siku ya kwanza tulichimba bao ardhini. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za manane manane, na kete 64. Komwe hatukuwa nazo, tukaokota kokoto. Sheria za mchezo niliziacha, maana zimewashinda watu wazima wengi. Ilitosha agawe kokoto sawasawa kwa wachezaji wawili, aweke 10 shimoni na kubaki na 22 mkononi. Mara ya tatu alizihesabu bila kugusa vidole. Kunde tulizopanda katika kopo la maziwa zilichipua bila msaada wetu mwingi, nami sitakuchosha nazo.

Jambo kubwa lilikuwa kijiti. Nilisimamisha kijiti chenye urefu wa mita moja juu ya ardhi, katikati ya ua, kisha kila saa tukaweka kifuniko cha soda pale kilipoishia kivuli chake. Asubuhi kivuli kilikuwa kirefu, kikielekea magharibi. Kikafupika, kikageuka, kikaanza kurefuka tena. Mtoto alitazamia kwamba saa sita kamili ndipo kitakapokuwa kifupi kabisa. Sivyo. Kilikuwa kifupi kabisa saa sita na dakika 24 hivi. Nikamweleza kwamba saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa jua la longitudo 45, karibu na Mogadishu, nasi tuko kwenye 39 na ushei. Kila digrii moja jua hulitembea kwa dakika nne. Sidhani kama alielewa. Alichoelewa ni kwamba saa ya ukutani inasema uongo, na habari hiyo aliitangaza kwa majirani wote.

Tarehe 21 Juni tulipima kivuli hicho kifupi kwa rula yake ya shule: sentimita 58, nacho kilielekea kusini, upande wa Mbagala. Nilimwambia kwamba Desemba kitahamia kaskazini. "Kinondoni kwetu?" akauliza. Nikasema naam, kitaelekea Kinondoni kwenu.

Ilipofika siku ya matembezi, tulikwenda Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kando ya barabara ya Bagamoyo. Ikiwa hujawahi kuwapeleka wanao, nenda. Hata mtu mzima hujifunza. Mle mna nyumba za asili za makabila yetu mbalimbali, nawe unainama uingie ndani, hutazami kwa dirishani. Msonge wa Wahaya, ulioezekwa kwa nyasi tangu kileleni hadi chini, mvulana aliuita kofia. Tembe la Wagogo, lenye paa bapa la udongo, lilimshangaza dada yake: mvua je? Nikamwambia kwamba Dodoma mvua ni chache, na mtu hujenga kwa kuitazama mbingu ya kwao. Kesho yake lundo langu la mchanga lilikuwa mji mzima: misonge kwa vifuu vya nazi, matembe kwa vibiriti.

Fundi alipokuja mwanzoni mwa Julai na kamba zake za kupimia, alikuta mji huo, na kijiti kimezungukwa na vifuniko vya soda. Chumba cha pili kilikuwa kipite papo hapo. Mtoto hakulia. Aliniuliza tu, "Babu, sasa Desemba tutajuaje?"

Sikuwa na jibu, nami sitajifanya shujaa mbele yako, msomaji. Nilitaka kumwambia fundi aendelee. Bibi yao ndiye aliyesimama kati ya kamba na kijiti, ufagio mkononi, akauliza chumba kimoja kitaleta kiasi gani. Tukahesabu upya. Kikajengwa kimoja, kwenye ukuta wa magharibi. Bati za ukumbi zinavuja hadi leo, na tuna beseni mahali pake.

Desemba mtoto alikuja, akapita ukumbini moja kwa moja mpaka uani. Shikamoo tuliipata baadaye. Tarehe 21 tulipima mchana: sentimita 30, nacho kivuli kimegeukia kaskazini. Alikaa chini akakitazama mpaka kikaanza kurefuka, na mdogo wake akauliza ikiwa jua nalo limehama nyumba.

Nimekwisha kuwaambia kwamba karibu na tarehe 4 Machi, na tena karibu na tarehe 9 Oktoba, jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu, na kijiti hakitakuwa na kivuli hata kidogo. Hawaniamini. Mpangaji wetu, kijana fundi cherehani, hukikwepa kila alfajiri na ndoo yake ya maji. Ameambiwa kisiguswe kabla ya Machi.