Mpe Mtoto Zaburi ya 24



Leo jioni mkishamaliza kula, mwite mtoto wako aliye Gredi ya 3, ya 4 au ya 5. Mpe Biblia, mwambie akusomee Zaburi ya 23. Atakusomea vizuri, pengine bila hata kuangalia chini. Msifu. Kisha mwambie aende mbele kidogo tu, akusomee Zaburi ya 24. Hapo ndipo utajua kama mtoto wako anasoma au anakariri.

Nilifanya hivyo na watoto wa kanisa letu likizo ya Agosti, mmoja mmoja, pembeni, bila kumwaibisha yeyote. Kuna kijana mmoja wa Gredi ya 5 ambaye ndiye huongoza wenzake kukariri mistari siku ya watoto. Anayo mistari mingi kichwani, sura na aya, hakosei. Zaburi ya 23 ilimtoka kama maji. Tulipofika ya 24 akanyamaza. Kidole chake kilikaa juu ya neno la kwanza, "nchi", na hakikusonga. Nikamuuliza neno hilo linasemaje. Akaniangalia akasema, "Pasta, nisomee mara moja tu, nitaishika."

Mtoto huyo si mjinga. Mtoto anayeweza kupita madarasa yote hayo kwa masikio peke yake ana akili kuliko wengi wetu. Alikuwa anamsikiliza jirani akisoma, anashika, na zamu yake ikifika anarudisha alichosikia. Ripoti yake ya shule ilikuwa imeandikwa "anakaribia matarajio". Sisi wazazi tukiona neno "anakaribia" tunapumua, tunakunja karatasi, tunaweka kabatini.

Mama yake alipojua, alitaka nimwombee. Alisema kuna roho ya kufeli katika ukoo, kwa kuwa hata baba mtoto aliachia shule darasa la sita. Niliomba naye, maana kuomba ni kazi yangu na ninaamini maombi. Lakini nilimwambia jambo lingine, na wewe nakuambia vilevile: herufi hazikemewi, zinafundishwa. Usimlete mtoto madhabahuni atolewe pepo la kutosoma kabla hujaketi naye dakika kumi na kitabu. Mpeleke kwanza apimwe macho na masikio. Wako watoto wanaoitwa wazito, kumbe ubao wanauona kama uko kwenye ukungu. Na kama macho ni mazima lakini herufi bado zinamchanganya mwaka baada ya mwaka, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo uulize mahali watoto wanapofanyiwa tathmini. Si aibu, na si laana.

Wala usidhani ni wako peke yako. Watu wa Uwezo wamekuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba hapa Kenya wakiwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, na ripoti baada ya ripoti wamekuta watoto wengi wa darasa la tatu hawaiwezi. Usikimbilie kuwalaumu walimu. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka wa 2003, wako walimu walio na watoto sabini mbele yao. Afadhali vitabu vya Tusome vilipokuja kuanzia 2015, watoto wa madarasa ya chini wakaanza kuwa na kitabu kila mmoja. Lakini mwalimu mwenye watoto sabini na dakika thelathini hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma. Wewe una watatu. Unaweza.

Na kanisa lisiseme hili ni la serikali. Shule ya Jumapili tunayoijua ilienea kutokana na kazi ya Robert Raikes kule Gloucester, Uingereza, mwaka wa 1780. Watoto maskini walifanya kazi viwandani siku sita, Jumapili ndiyo nafasi pekee waliyokuwa nayo, na walichofundishwa kwanza ni kusoma. Kuimba na kupaka rangi picha za safina kulikuja baadaye sana! Hapa kwetu Wakikuyu waliwaita Wakristo wa kwanza athomi, yaani wasomaji, na Waganda nao wakawaita abasomi. Kuokoka na kusoma vilikuwa jina moja. Leo tuna spika kubwa, kinanda kipya, na watoto wa Gredi ya 5 ambao hawajui neno "nchi".

Sasa, unaanzaje? Mzazi mwingi hukosea kwa kumwimbisha mtoto A mpaka Z. Wimbo ule ni majina ya herufi, na jina halimsaidii. Anahitaji sauti. Herufi m usiiite "em". Funga midomo utoe sauti yake. Kisha ioe na irabu: ma, me, mi, mo, mu. Kiswahili kimebarikiwa hapa, kwa sababu irabu zetu hazibadiliki. A ni a leo na kesho, si kama Kiingereza ambako herufi moja ina sauti nne na nyingine imekaa tu kimya kama mgeni asiyejulikana. Kwa m na irabu peke yake mtoto tayari anasoma: mama, mimi, mema, uma, umeme. Ongeza k, na utapata kuku, keki, mkeka, na hata sentensi kamili: Kaka ameuma keki. Umeona? Konsonanti mbili tu, na mtoto amesoma habari inayomfanya acheke. Siku akicheka kwa kitu alichokisoma mwenyewe, hutamrudisha nyuma tena.

Kama nyumbani mnazungumza Kidigo au Kiluhya au Kijaluo, soma naye hata kwa hiyo. Sera ya elimu yenyewe inataka miaka ya kwanza ifundishwe kwa lugha anayoielewa mtoto. Usiharakishe Kiingereza ili majirani wasikie.

Kisha endelea na yale magumu, polepole, moja kwa wiki. Ngoma na ng'ombe. Mbwa. Nywele. Mchwa. Isaya 28 inazungumza juu ya mafundisho yanayokuja amri juu ya amri, huku kidogo na huku kidogo. Najua mazingira ya maneno yale ni ya kukemea, nilifundishwa hivyo chuoni, lakini mtoto hajui njia nyingine ya kujifunza.

Akimaliza ukurasa, funika picha kwa mkono wako, mrudishe mstari wa tatu, asome kutoka hapo. Picha huwadanganyia watoto. Halafu muulize: nani alifanya nini, na kwa nini? Katika Nehemia 8 Walawi waliisoma torati kwa sauti wazi na wakaeleza maana, mpaka watu wakaelewa. Ezra hakuridhika na sauti nzuri, na wewe usiridhike. Kuna watoto wanaotamka kila neno sawasawa na hawajui kama kuku ndiye aliyekula au aliyeliwa.

Viboko acha. Shuleni vilipigwa marufuku tangu 2001, na nyumbani havijawahi kufundisha herufi. Najua mtaniletea ile mithali ya fimbo. Inazungumzia ukaidi, haizungumzii herufi k. Mtoto anayengoja kofi anaangalia mkono wako, haangalii kitabu.

Kuandika nako tumekupunguza. Kunakili kutoka ubaoni si kuandika, ni kuchora. Mtoto aandike kitu anachotaka kukisema. Mpe aandike orodha ya duka: sukari, majani, sabuni. Amwandikie nyanya yake barua ya mistari mitatu. Akiandika "baba ameenda kupiga kula", cheka kidogo, kisha mwonyeshe tofauti ya kura na kula, maana hata watu wazima kutoka upande wetu tunayumba hapo. Lakini usijaze ukurasa wake kalamu nyekundu. Rekebisha mawili, mengine yaache kesho.

Na wewe mama usemaye, "Pasta, mimi mwenyewe sijui kusoma." Nakujua, na hauko peke yako kanisani. Keti karibu naye, mwambie aweke kidole chini ya kila neno, umsikilize. Utasikia akisitasita na utasikia akiteleza vizuri. Masikio yako hayahitaji cheti. Mwambie akusimulie alichosoma.

Jumamosi hii saa nane mchana tunaanza katika chumba cha watoto. Vijana mliomaliza kidato cha nne na mko nyumbani mkingoja chuo, nawahitaji wanane, kila mmoja na watoto watatu, si zaidi. Mtoto aje na daftari la kurasa 48, penseli na kifutio. Kalamu ya wino abaki nayo nyumbani. Tutasoma dakika arobaini, kisha uji. Mtu mzima anayetaka kujifunza aje pia. Kuna benchi nyuma, mlango wa upande utakuwa wazi, na hakuna atakayekuuliza umekuja kufanya nini.