Nguzo za Mwisho Usipitishe

Kwenye kipindi kilichopita tuliongelea maneno ya Kiswahili ambayo kila mmoja wetu amewahi kuyaelewa kinyume mbele ya wazazi, nikaahidi kwamba la kwangu nitaliandika. Ya wengine yalikuwa ya kuchekesha. La kwangu lilitoboa nguzo ya geti, matundu matatu, upande hadi upande.

Baba yangu anajenga uzio. Alikuja Uingereza akiwa seremala kutoka Tanga, mtoto wa seremala wa Ngamiani, na huku Kent akaingia kwenye uzio kwa sababu ndiyo kazi iliyokuwepo. Siyo ule wa mbao za kupigilia misumari mnaouona nyuma ya nyumba za mjini. Ni ule wa mashambani: nguzo zimesimama, kila moja ina matundu, na fito zimechomekwa toka nguzo hadi nguzo bila msumari hata mmoja. (Baba ndiye anayeziita fito. Fito za kwao ni nyembamba, za kufungia ukuta kabla ya kukandika udongo. Hizi za huku ukibeba mbili begani unazikumbuka hadi kesho yake. Lakini jina limebaki.)

Sikuwahi kufanya naye kazi hiyo. Mimi nilikuwa mtoto wa vitabu. Tangu nina miaka 9 nilikuwa namsomea barua za benki na za halmashauri, nampigia simu za bima, naingia naye kwa daktari. Kiswahili changu kilikuwa cha jikoni na sebuleni: lete, funga, umekula, mbona umechelewa, shikamoo shangazi kwenye simu. Nilijiona najua, tena nilikuwa najisifu kwa wenzangu wasioongea kabisa.

Halafu Baba akafanyiwa upasuaji wa kiganja cha kulia. Vidole vilikuwa vinakufa ganzi muda mrefu, yeye anaficha. Akaambiwa asibebe kitu kizito wala asishike mashine inayotetemeka mpaka daktari aruhusu. Na alikuwa na kazi katikati: uzio wa nguzo 24 kwa mteja ambaye farasi wake walikuwa wanafika Jumamosi. Kijana aliyekuwa akimsaidia alishapata kazi kwingine. Nguzo kumi Baba alikuwa amezimaliza kabla ya upasuaji, zilibaki 14. Mimi nilikuwa likizo ya chuo. Hakuniomba, alisema tu, "Kesho vaa viatu vigumu."

Jumatatu asubuhi, bandani, neno lake la kwanza lilikuwa, "Haya mama, niletee juba."

Nikaenda kwenye gari nikamletea koti lake. Juba ninalolijua mimi ni vazi, lile refu la kuvaa juu ya nguo, nikajua anasikia baridi. Alilitazama lile koti, akanitazama mimi. Kumbe juba ni patasi ya kuchimbia matundu. Patasi ya kawaida ni bapa, ya kusawazisha. Juba ni nene, unalipiga kwa nyundo ya mti, kisha unalitumia kama mtaimbo mdogo kung'oa vipande vilivyomo ndani. Lile la Baba lilikuwa la Babu, lilikuja Uingereza ndani ya sanduku la nguo. Nalifahamu vizuri sana. Nimelifungulia makopo ya rangi mara ngapi sijui.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa nilichoharibu.

Mti ni chestinati, ule unaoota sana Kent na Sussex. Unakatwa karibu na ardhi, kisiki kinachipua upya, na baada ya miaka 15 hivi unavuna tena kutoka shina lile lile. Nguzo hazipasuliwi kwa msumeno, zinapasuliwa kwa kabari, kwa hiyo ufa unafuata nyuzi za mti zenyewe. Ndiyo maana hakuna nguzo iliyonyooka kama rula. Huwezi kupima kutoka ukingoni, ukingo unakudanganya. Unavuta uzi katikati ya nguzo toka juu hadi chini, kisha unaweka kigezo, kipande cha mbao nyembamba kilichokatwa kwa ukubwa wa tundu, unachora kwa penseli. Letu lilikuwa upana sentimita 5 na urefu 13, urefu ukifuata nyuzi, kwa sababu ukikata nyuzi nyingi kwa upana nguzo inabaki haina nguvu.

Kisha keekee. Baba huita hivyo hata ya umeme. Unatoboa juu, unatoboa chini, unatoboa katikati, tobo zinakulana kidogo. Unaishia nusu ya unene. Unaigeuza nguzo, unatoboa upande wa pili mpaka tobo zikutane ndani. Ukitaka kumaliza kwa upande mmoja, keekee inapotokea inararua mbao. Halafu ndiyo juba, kuondoa yale masikio yaliyobaki kati ya tobo na tobo, mpaka tundu liwe na kuta.

Mti huu una tanini nyingi, ndiyo maana unakaa ardhini miaka mingi bila kupakwa dawa. Tanini ikikutana na chuma mbele ya unyevu inakuwa nyeusi. Kufika mchana vidole vyangu vilikuwa kama nimechovya kwenye wino, na sabuni haikusaidia. Baba akasema ni jamaa moja na mkandaa, mikoko ambayo magome yake yalitumika kusindika ngozi kwao pwani. Alifurahi kulisema hilo. Nadhani alikuwa hajapata mtu wa kumwambia.

Jumanne alitakiwa kwenda kubadilishwa bendeji. Nguzo ya kona tulikuwa tumeshaimaliza pamoja, yeye amesimama juu yangu kama mwalimu wa madrasa. Zilibaki nguzo nne za kati na mbili za mwisho, moja ikiwa ya geti, nene kuliko zote. Akiwa ameshafungua mlango wa gari la rafiki yake, akanipigia kelele: "Nguzo za mwisho usipitishe!"

Nikajibu, "Sawa Baba."

Nyumbani kwetu neno hilo nimelisikia kila siku ya maisha yangu. Usipitishe swala. Yaani usiiache ikapita. Kwa hiyo nilielewa: nguzo za mwisho usiziruke, usiseme umechoka, zitoboe leo leo. Na nilikuwa nimechoka kweli, kwa hiyo nilijiona shujaa. Nikazitoboa zote mbili, matundu matatu kila moja, upande huu, geuza, upande ule. Ya geti ilinichukua zaidi ya saa mbili peke yake. Baba aliporudi nilikuwa nafagia.

Akasimama mbele ya nguzo ya geti. Akainama. Kupitia tundu la juu aliona miti ya nje ya banda.

"Umefanya nini hapa?"

"Nimetoboa. Ulisema nisizipitishe."

"Nilisema usipitishe."

"Ndiyo Baba. Sikupitisha hata moja."

Akakaa kwenye ndoo. Muda ukapita. Kisha akauliza, taratibu, "Kupitisha kwako wewe ni nini?"

Nikamweleza habari ya swala. Alicheka kidogo, kisha akaacha, akawa anaisugua bendeji yake kwa kidole gumba. Akanieleza: kwenye mbao, kupitisha ni kufanya tundu litokee upande wa pili. Nguzo za kati zinapitishwa kwa sababu fito mbili zinaingia, moja huku na moja kule, na ndimi zake zinapishana ndani. (Ulimi ni ile ncha ya ufito iliyochongwa. Hilo nalo sikulijua.) Nguzo ya mwisho inapokea upande mmoja tu, kwa hiyo tundu linaishia nusu. Na ya geti ndiyo kabisa, kwa sababu bawaba zinahitaji mbao nzima ya kushika.

"Babu yako angenizaba kofi kwa hili," alisema.

"Na mimi je?"

"Wewe umeshakuwa mkubwa."

Ningependa anizabe. Usiku ule nilimsikia chumbani akimwambia Mama kwamba pengine huu ndio uzio wa mwisho, kwamba mkono haurudi kama zamani na vifaa vina mtu anavitaka. Hakusema neno kuhusu mimi. Nililala nikihesabu ni mara ngapi nimekaa katikati yake na mtu mwingine, nikiwa na uhakika kwamba nimemwelewa, na kumbe labda sikumwelewa. Kwa daktari, kwa mfano.

Ile nguzo nyingine ya mwisho haikuwa na shida. Iliyopitishwa ni ya kati tu, ikaenda katikati ya mstari, na tulikuwa na moja ya akiba. Ya geti ilikuwa moja, na kiwanda cha mbao kilisema nyingine ni wiki mbili.

Jumatano Baba alifukua nyuma ya gari akatoa kipande cha chestinati kikavu, kilichokaa miaka. Nguzo ilikuwa mbichi. Akasema tutaziba upande wa geti kwa kikavu ndani ya kibichi: nguzo itaendelea kukauka, itasinyaa, itakibana. Ukiziba kwa kibichi, vyote viwili vinasinyaa na siku moja kinadondoka. Nyuzi za kizibo zilale sawa na nyuzi za nguzo. Yeye alichora kwa mkono wa kushoto, mistari imepinda kama ya mtoto, mimi nikakata, nikapunguza, nikajaribu, nikapunguza. Kila nilipotaka kupiga alisema, "Bado." Vizibo vitatu vilichukua siku nzima. Bawaba akazihamisha, zishike kati ya vizibo na si juu yake.

Kusimamisha kulituchukua siku mbili, mdogo wangu alikuja kusaidia. Mashimo yalikuwa yameshachimbwa. Huwezi kusimamisha nguzo zote kwanza, kwa sababu ufito ni mrefu kuliko nafasi iliyopo kati ya nguzo na nguzo, hautaingia. Unashindilia ya kwanza, unachomeka fito tatu, unaileta ya pili na kuielekeza mpaka ndimi zote tatu ziingie, ndipo unaishindilia hiyo. Ufito mmoja ukikataa, wote mnasubiri. Ijumaa jioni tuliifikia nguzo ya geti. Mteja alipita, akagusa kizibo cha juu, akauliza kama ni urembo. Nilianza kumtafsiria Baba, lakini alikuwa ameelewa. Alijibu mwenyewe kwa Kiingereza chake kwamba ni kazi ya binti yake.

Vifaa hajauza. Mkono umerudi kiasi, asubuhi za baridi bado unamsumbua. Jumapili iliyopita alinipigia simu: kuna kazi nyingine, nguzo 18, nyumba yenye mageti mawili, je, nina wikendi?

Nikatafuta kalamu. "Zisizopitishwa ngapi?"

"Nne," alisema. "Na juba usilisahau. Liko kwako, wewe ndiye uliyelichukua."