Amortisere za Mujomba

Carina ya mujomba ni ya mwaka 1996, imenizidi umri. Inabeba abiria kati ya Kasenga na Kavimvira, na minerivali yangu ya chuo inatoka humo. Ilipoanza kuyumba kama mtumbwi, tatizo lilikuwa langu pia.

Fundi aliegemea kona ya mbele kwa uzito wake wote, kisha akaiachia. Gari zima hupanda mara moja na kutulia. La kwetu lilipanda, likashuka, likapanda tena. "Amortisere imekufa," akasema, nami nikacheka. Neno hilo la Kifaransa limebeba kifo ndani yake: kazi ya kifaa ni kuua mtikisiko. Muuaji amekufa! Watanzania husema shokapu, walilolitoa kwa Kiingereza, na huko kifaa hakiui, kinapokea mshtuko tu. Mujomba aliniuliza kama analipa chuo ili nicheke maneno.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mara ya kwanza alinipa pesa za amortisere mbili, nami nikanunua moja, ya upande uliokuwa unalia, nikidhani naokoa pesa. Ilikuwa imetumika, lakini ilipakwa rangi ikang'aa. Gari likawa linavutwa upande mmoja, na baada ya wiki mbili mafuta yalitoka chini ya ile rangi.

Mara ya pili nilikwenda na fundi. Yeye rangi hakuitazama. Alivuta fimbo na kuisukuma mara tano: uzito lazima uwe uleule njia nzima, pakitokea pengo, basi. Akapitisha ukucha kwenye fimbo yenyewe, kwa sababu kutu kidogo tu hukwaruza mpira unaozuia mafuta. Nne alizirudisha.

Muuzaji akaleta mpya za gesi. "Papa, hizi ziko nguvu, zitabeba mutokari."

"Mutokari inabebwa na resori," fundi akajibu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui hilo. Miaka yote nilidhani ni amortisere zinazobeba. Gesi, alinieleza njiani, huzuia mafuta yasitoe povu kwenye barabara mbovu, ila bei yake hatukuiweza. Tulichukua mbili mpya za mafuta, pamoja na mipira yake ya juu, nusu kwa deni.

Mujomba aliendesha hadi Mulongwe bila kusema neno. Kwenye shimo la tatu alinitazama.

"Iko muzuri," akasema. "Deni utalipa wewe."