Waliozama na Khedive Ismail

Hapa Machakos, Vita Kuu ya Pili ikitajwa, watu hukumbuka Burma, maana ndiko walikotoka wazee waliorudi na medali. Wale ambao hawakufika hata Ceylon hawasemwi sana. Mmoja wao alikuwa kaka wa babu yangu, askari wa mizinga katika Rejimenti ya 301 ya East African Artillery.

Mapema Februari 1944 rejimenti hiyo ilipanda meli Khedive Ismail bandarini Mombasa. Maji mengi aliyopata kuyaona maishani yalikuwa ya mto Athi wakati wa mvua. Meli tano za abiria zilisafiri pamoja zikilindwa na manowari. Tarehe 12, saa nane na nusu mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa topedo mbili. Ilizama kwa dakika chache tu, na waliokuwa vyumba vya chini hawakuwahi ngazi.

Sasa, ndugu wasomaji, nisikilizeni. Manowari Petard, kwa chombo chake cha kusikiliza mwangwi majini, iligundua kwamba I-27 imejificha chini ya watu waliokuwa wakiogelea. Silaha yake ni pipa la baruti linalolipuka likifika kina kilichopangwa. Kishindo chake humponda aliye majini hata asipoguswa na chuma. Nahodha akingoja, nyambizi itazifuata meli nne zilizobaki, zilizojaa watu. Akaamuru mapipa yatumbukizwe. Baadhi ya waliookoka topedo waliuawa na wenzao.

I-27 ikalazimika kuibuka. Manowari ya pili, Paladin, ilipojaribu kuigonga ilipasuka ubavu; topedo ya saba ya Petard ndiyo iliyoimaliza. Watu 1,511 walikuwamo katika Khedive Ismail. 1,297 walikufa, wakiwamo wauguzi wengi wanawake.

Mimi husema nahodha alitenda lililompasa, maana meli nne zilipona. Baba yangu hakubali. Husema hesabu hiyo ni nyepesi kwa mtu asiye na ndugu majini, nami sijapata jibu la kumpa.

Katika makaburi ya vita ya Nairobi, karibu na barabara ya Ngong, uko ukumbusho wa waliopotea baharini na meli hiyo. Nyumbani ilifika barua tu, isiyosema kama alikufa melini au majini. Baba husema kaka yao hakujua kuogelea.