Baba yangu alikuwa mwindaji

Katika mwezi wa Novemba Kanisa linatuita kuwakumbuka marehemu wetu. Mimi nataka kuwasimulia habari za baba yangu, aliyefariki mwaka 2021. Hakuwa mtu mwenye jina kubwa. Alikuwa mkulima na mwindaji wa Marungu, milima ile iliyo juu ya Moba, upande wetu wa ziwa Tanganika. Asiyepajua ajue kwamba huko juu ni nchi ya baridi na majani marefu, na mahali pengi panapita meta 2,000. Asubuhi ukungu hulala mabondeni hata jua lipande sana, kisha unaliona ziwa chini kabisa, limetulia kama sahani ya bati. Tena watu wa huko hujivuna kwamba Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo, aliyepewa upadri mwaka 1917, alitoka katika nchi hii yetu. Baba naye alijivuna hivyo, kana kwamba Padri Kaoze alikuwa mjomba wake.

Kwanza niseme juu ya kazi yake, maana wengine hufikiri mwindaji ni mtu mvivu anayekimbia jembe. Baba hakuwa hivyo. Jogoo wa kwanza hakumkuta kitandani. Alilima maharagwe, mahindi na mihogo, na gunia za maharagwe alizipeleka mpaka bandari ya Moba kwa baisikeli, yeye mwenyewe akiisukuma, kwa maana gunia zilikaa mahali pa kukaa mtu. Palizi ikiwa haijaisha hakugusa bunduki. Lakini ikifika miezi ya Julai na Agosti, majani yakianza kuungua na harufu ya moshi kufika kijijini, basi alikuwa mtu mwingine. Ukimwuliza neno anakujibu lingine. Mama alikuwa akicheka na kutuambia: « Baba yenu amekwisha kuondoka. Hapa limebaki koti lake. »

Bunduki yake ilikuwa gobori, ile tunayoiita pupu. Aliipata kwa baba yake. Hujazwa kwa mdomo: baruti, kitambaa, vipande vya chuma, kitambaa tena, halafu fataki. Ukikosa, hakuna risasi ya pili. Mpaka ujaze tena, mnyama amekwisha kuvuka mto na kusahau habari zako. Kwa hiyo mwenye pupu sharti amkaribie mnyama sana, hatua thelathini au pungufu. Na kukaribia ndiyo kazi yenyewe. Baba alichukua kifuko cha majivu kiunoni. Alikitikisa kidogo, majivu yakaruka, akajua upepo unakwenda wapi. Alinifundisha kushika mavi ya mnyama kwa mgongo wa mkono ili kujua kama bado yana joto. Alinifundisha kwamba tohe akishtuka hupiga mluzi, na ukisikia mluzi umechelewa. Kwamba kuro ana harufu nzito, na pengine utamnusa kabla ya kumwona. Kwamba pongo hutoka kichakani jioni, karibu na maji, peke yake. Jike mwenye mtoto hakumpiga kamwe. Nilipomwuliza sababu, aliniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini tunavaa nguo.

Nyama ikipatikana, aliigawanya mbele ya nyumba, watu wakiona. Wajane wawili wa kijiji chetu walipata fungu lao kabla yetu sisi watoto. Neno hili lilituumiza, nakiri.

Alikuwa na desturi moja niliyoichukia sana nilipokuwa mdogo. Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na njia ndogo iliyotoka porini. Mwindaji aliyekosa nyama angeweza kuipita na kuingia kwake bila kuonwa. Wengine walifanya hivyo. Baba, akirudi mikono mitupu baada ya siku tatu, alipita njia kubwa katikati ya kijiji, bunduki begani, akisalimu nyumba kwa nyumba. Watu walimwuliza: « Nyama iko wapi? » Akajibu: « Imebaki kwa mwenyewe. » Mimi nilitembea nyuma yake, macho chini, nikisikia wenzangu wanacheka.

Sitaki kusema kwamba alikuwa mtakatifu. Zamani za ujana wake alikuwa na kipembe cha dawa ya uwindaji, alichopewa na wazee. Alikitupa mtoni kabla ya kufunga ndoa kanisani, akasema tangu siku ile hakuona tofauti yoyote katika kulenga kwake. Lakini Misa ya Dominika alikosa mara kadhaa. Nakumbuka mara moja alimjeruhi pongo Jumamosi jioni, akafuata damu usiku na siku ya pili yote. Katekista wa wakati ule alimgombeza mbele ya watu. Baba alijibu kwa heshima: « Mwalimu, nilimpiga mimi. Nani amalize maumivu yake? » Leo mimi ndimi katekista, na amri ya Dominika naifundisha bila kupunguza neno. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2418, inafundisha pia kwamba kuwatesa wanyama bure hakupatani na heshima ya mtu. Kila ninapoifikia namba hiyo mbele ya wakatekumeni namkumbuka Baba na damu ya pongo wake, na simhukumu kwa haraka kama mwenzangu yule.

Halafu vita ilikuja. Mwaka 1999 watu wengi wa nchi ya Moba walivuka mpaka kukimbilia Zambia, na wengi hawakurudi mpaka mwaka 2007 na baadaye. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Baba hakutaka kuondoka. Alituficha mlimani katika bonde alilolijua yeye na wanyama tu. Bunduki aliipaka mafuta, akaifunga katika turubai, akaizika, maana siku zile mtu mwenye bunduki aliuawa na upande huu ama na upande ule. Tena mlio wake ungetuita wauaji. Akatega mitego ya kamba. Tulikula ndezi, kwale na uyoga, na moto tuliwasha usiku peke yake, ndani ya mwamba. Tulikuwa jamaa nne katika bonde lile. Hakufa mtoto hata mmoja kwa njaa. Jioni Baba aliongoza Rozari kwa sauti ndogo sana, hata sikujua kama anasali au anasikiliza.

Vita ilipotulia aliifukua bunduki ikiwa nzima. Lakini wanyama walikuwa wachache, kwa sababu bunduki za kivita zimewamaliza. Na mbuzi wetu wote walikwisha kuliwa na askari. Ndipo, mwaka 2004, nilipopokelewa katika seminari ndogo. Padri alitupa karatasi ya vitu vinavyotakiwa: malipo ya masomo, blanketi, mashuka, viatu, sanduku. Baba hakujua kusoma vizuri, akaniomba nimsomee. Nilisoma, akanyamaza. Baada ya juma moja niliamka asubuhi nikaona msumari ukutani, na juu ya msumari hamna kitu. Mama alinitazama, akaweka kidole mdomoni. Sikuuliza. Niliondoka na sanduku jipya.

Wakati wa likizo nilimsomea Maandiko Matakatifu karibu na moto. Alipenda sana Agano la Kale, maana ndani yake mna mifugo na jangwa. Siku moja tulifika kwa Isaka, aliyemtuma Esau kumletea nyama ya mwituni, na Yakobo akamtangulia kwa nyama ya mbuzi. Baba alikasirika kabisa. « Isaka alikula nyama ya mwituni miaka yote, akashindwa kutambua mbuzi? Mzee yule alijua! » Kisha akauliza: « Na Esau, kosa lake nini? Alimtii baba yake akaenda porini. » Mimi, seminarista, nilimweleza kwamba Esau alikuwa ameuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Akafikiri muda mrefu. « Dengu? Basi. Mtu aliyetoka porini na njaa asifanye biashara. » Tulicheka wote wawili. Sikukumbuka kwamba nacheka na mtu aliyeuza.

Nilimpasha pia habari za mtakatifu Hubert, askofu wa Liège, msimamizi wa wawindaji, anayekumbukwa tarehe 3 Novemba. Akafurahi sana kwamba sikukuu yake inafuata siku ya marehemu wote. « Wamempanga vizuri, » alisema.

Mwaka 2014, baada ya masomo ya filosofia, niliacha seminari. Sababu zake nimezieleza kwa wakubwa wangu na kwa muungamishi wangu, na hapa si mahali pake. Sikufukuzwa, niliona mbele ya Mungu kwamba wito wangu si ule. Lakini kuona mbele ya Mungu ni jambo moja, na kuona mbele ya Baba ni jambo lingine. Nilipanda chombo Kalemie mpaka Moba, nikapanda milima kwa miguu, na kila hatua niliufikiria ule msumari. Nilipokaribia kijiji nilikaa chini ya mti mpaka giza likaingia. Kisha nikapita njia ndogo, nyuma ya nyumba, nikabisha mlango wa jiko.

Baba alikuwa anatia mpini jembe. Aliliangalia sanduku langu. Akaniuliza neno moja: « Umekula? »

Siku mbili hakusema kitu. Siku ya tatu aliniamsha gizani, tukapanda mlimani, yeye na mimi na mbwa, bila silaha isipokuwa panga. Alinionyesha bonde letu la vita, mahali alipoizika bunduki, mahali alipopiga nyati wa kwanza pamoja na baba yake. Tulipofika kwenye chemchemi alikunywa, akafuta ndevu, akasema:

« Usiku ule ulipita njia ya nyuma. »

« Ndiyo, Baba. »

« Mimi umewahi kuniona napita huko? »

« Hapana, Baba. »

Akaliita jibwa lake, tukashuka.

Dominika iliyofuata alivaa koti lake, akanishika mkono kama mtoto, tukaenda kanisani kwa njia kubwa. Alisimama mbele ya kila nyumba. « Huyu amerudi, » alisema, « msalimuni. » Wengine walinisalimu vizuri, wengine walitaka kujua mambo. Baba alingoja mpaka wamalize. Tulichelewa, tukakuta Injili imekwisha kusomwa. Mwaka uliofuata padri aliponiomba nifundishe wakatekumeni, nilikubali, maana kijiji kizima kilikuwa kimeniona uso.

Lakini juu ya bunduki sikumwambia kitu. Miaka saba nilikaa naye, tukalima pamoja, na kila siku nilijiambia: kesho nitamshukuru. Aliugua siku chache tu. Alipokea Sakramenti ya wagonjwa, akafa alfajiri, saa yake ya kuamka.

Kwenye kilio alikuja mzee mmoja wa kijiji cha pili, na paja la pongo begani kwa ajili ya waombolezaji. Alikuwa ndiye aliyeinunua pupu. Nilimwuliza kama Baba aliwahi kuisemea. Akashangaa: « Hukujua? Kila mwaka kabla ya majani kuungua alikuja kwangu. Aliifungua, akaisafisha, akaipaka mafuta, akaangalia ndani ya mdomo wake. Mimi nilimwambia: ichukue siku mbili, utembee nayo. Akakataa, akasema si yake. Akanirudishia, akanywa maji, akaenda zake. »

Mara kumi na saba. Na sisi nyumbani tulifikiri amekwenda kuuza maharagwe.

Wasomaji wapenzi, mnaposali kwa ajili ya marehemu mwezi huu, mumkumbuke pamoja na wenu.