Otografu Baada ya Sanduku la Posta

Kwa sisi tuliosoma sekondari za bweni Tanzania miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, kitabu cha otografu kilikuwa kwanza kabisa kitabu cha anwani. Kaunta buku lililojaladiwa kwa ukurasa wa gazeti lenye rangi lilizungushwa darasani na bwenini wiki za mwisho kabla ya mahafali, na kila mtu alijaza mambo yaleyale: jina kamili, jina la utani, mkoa, chakula akipendacho, rangi, Simba au Yanga, anataka kuwa nani maishani, kisha anwani. Mstari huo wa mwisho ndio uliobeba mzigo. Barua haikufikishwa mlangoni kwa mtu. Iliishia kwenye sanduku la posta, na familia nyingi hazikuwa na sanduku lao, kwa hiyo mtu aliandika sanduku la misheni, la ofisi ya baba, au la shule ya msingi anayofundisha mjomba, na chini yake jina la yule wa kukabidhiwa barua. Shule za kitaifa kama Tabora, Ilboru na Kibaha zilichanganya vijana wa mikoa yote kwa makusudi, mtoto wa Kagera akalala dabo deka moja na mtoto wa Mtwara. Wakishapanda mabasi na treni za kurudi kwao, namba ile ya sanduku ndiyo iliyokuwa njia ya kupatana tena.

Nayarudia haya kwa sababu kila msimu wa mahafali husikika lalamiko kwamba vijana wa leo hawajui kuandikiana maneno ya kuagana, eti sisi tulijua. Hatukujua. Zilizokuwa imara katika vitabu vyetu ni anwani. Maneno yalikuwa ya kuazima. Tuliandika Kiingereza, lugha ya darasani, ilhali vicheko, ugomvi na siri zote za bwenini zilikuwa za Kiswahili. Tulinakili beti za maua mekundu na ya buluu kutoka kitabu hiki kwenda kingine, zikizungumzia maua ambayo wengi wetu hatukuwahi kuyatia machoni. Pale ambapo mtu alijaribu la kwake, aliishia kuombea mtihani, na haishangazi: mahafali ya kidato cha nne hufanyika kabla ya mtihani wa taifa, kiasi kwamba wahitimu hupongezwa kwa jambo ambalo bado hawajalimaliza. Dua hizo zilikuwa za kweli, ila uhai wake ulikuwa mfupi. Matokeo yalipotoka miezi michache baadaye, ukurasa mzima wa kutakiana daraja la kwanza uligeuka kuwa habari iliyopitwa na wakati, au, kwa asiyebahatika, ukurasa wa kuruka haraka.

Ajabu ni kwamba siku hiyohiyo ya mahafali palikuwa na andiko jingine, ambalo hakuna aliyelipenda, lililofanya kazi ya kumbukumbu vizuri zaidi. Ni risala ya wahitimu kwa mgeni rasmi. Ilikuwa ndefu, jua kali, wazazi wakisinzia chini ya turubai. Lakini risala ilitaja mambo: tulianza kidato cha kwanza wangapi na tumemaliza wangapi, maabara haina vifaa, walimu wa hisabati hawatoshi, pampu ya maji imeharibika, shamba la shule limetoa magunia kadhaa ya mahindi. Ukiipata risala moja ya zamani leo, utaijua shule ile na mwaka ule. Ukipata otografu ya siku hiyohiyo, ukafunika anwani kwa kiganja, huwezi kujua kama uko Songea au Bukoba. Kasoro hii si yetu peke yetu. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ujerumani katika karne ya 16, Wittenberg hasa, walikuwa na vitabu vya kuandikiwa na marafiki na walimu, vimejaa misemo ya busara ya Kilatini. Mtafiti anayevifungua leo hupata msaada mkubwa kutoka sehemu iliyoandikwa bila mbwembwe: nani, wapi, tarehe ngapi.

Kampuni za simu za mkononi ziliposambaa nchini kuanzia miaka ya 2000, anwani ilikufa. Kwa muda mfupi namba ya simu ilichukua nafasi yake ukurasani, kisha Facebook na makundi ya WhatsApp yakaiondoa hata hiyo. Kitabu kikabaki na ile sehemu yake iliyokuwa dhaifu tangu mwanzo. Sasa wanafunzi wa kidato cha nne husainiana mashati meupe kwa kalamu nene baada ya karatasi ya mwisho (shati ambalo mama yeyote mwenye akili timamu atataka kulifua), na shule zenye uwezo huchapisha kitabu cha mwaka chenye picha ya kila mhitimu na mistari miwili ya maneno yake mwenyewe. Mistari hiyo huchukuliwa kwenye intaneti, na inafanana mno na zile beti zetu za maua. Kwa hiyo ninaposema jambo limebadilika, silalamiki kwamba maneno yamepoteza ladha. Ladha haikuwapo. Kilichopotea ni ile taarifa moja ya lazima, iliyokuwa ya mtu yule na si ya mwingine yeyote, na iliyokifanya kitabu kistahili kufungiwa kwenye tranka.

Basi kijana akiuliza aandike nini, jibu langu ni hilohilo: aandike taarifa ambayo mwenye kitabu hawezi kuipata kwingine. Ataje kwamba mwenzake ndiye aliyekuwa akiwaeleza wengine milinganyo ya kemia usiku baada ya prepu, umeme ukikatika anaendelea kwa kibatari. Ataje kengele ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, makande yalipikwa siku zipi, wimbo gani uliimbwa wakati wa kufyeka, ni mzaha gani uliwafanya watolewe nje ya darasa pamoja. Na aandike kwa lugha waliyokuwa wakiongea, utani wake na lahaja zake, maana hakuna mahali pengine panapohifadhi Kiswahili cha bweni la mwaka fulani.

Wapo watakaosema kijana wa miaka 17 hawezi kujua kipi kitakuwa na thamani atakapofika 50. Kweli hawezi, na hata mtu mzima hawezi. Ndiyo maana ni salama zaidi kumwomba jambo alilolishuhudia kuliko kumwomba hekima. Wengine watasema simu imejaa picha, kumbukumbu zote zimo. Picha huonyesha sura. Haisemi aliyesimama pembeni aliitwaje na kwa nini anacheka. Shule nyingi za bweni, isitoshe, haziruhusu simu kabisa, hivyo zile siku za kawaida kati ya kufungua na kufunga hazipigwi picha. Na kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja, kwa faida zake zote, ni la watu wazima wanaochangiana misiba na harusi. Kila hadithi ya shule inayosimuliwa humo imeshanyooshwa ili imfae mkurugenzi na mchungaji walio kundini.

Pingamizi linalonisumbua ni jingine: ukweli unaweza kumwumiza mtu. Otografu ilisomwa na patroni, ikasomwa na mzazi likizo, na majina ya utani mengine yalikuwa ukatili mtupu. Binti aliyetajwa na mvulana fulani katika kitabu cha rafiki yake angeweza kupelekwa ofisini kwa mwalimu wa nidhamu. Nakubali kwamba beti za kuazima zilitukinga. Lakini kinga hiyo inapatikana kwa bei ndogo zaidi: mwenye kitabu asome kilichoandikwa kabla hakijapita kwa mwingine, na mwandishi aache nje mapenzi, magonjwa na aibu za nyumbani. Bado atabaki na mengi. Kwa kitabu cha kuchapishwa, mabadiliko ninayoyapendekeza kwa walimu wanaokihariri ni madogo pia. Ile mistari miwili chini ya picha asiiandike mwenye picha. Wapewe wawili waliokaa naye deski moja, na waambiwe wataje jambo moja alilolifanya.